Wake Walioridhika kwa Asilimia Mia na Nne

Siku ya Jumatatu, tarehe tatu Machi, mwaka wa thelathini na moja wa Mwafaka, saa mbili na dakika kumi na saba za asubuhi, mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha upande mmoja tu wa Barabara ya Kinara. Upande wa pili ulikuwa wa wizara, na wizara haikuwa imeidhinisha mvua. Hapo ndipo Bwana Makame Tindwa alipokabidhiwa barua yenye lakiri nyekundu, akaisoma akiwa amesimama wima, visigino vimekutana, kama alivyofunzwa utotoni kusoma kila kitu kitokacho juu. Barua ilimteua kuwa Katibu wa Tume ya Taifa ya Kuchunguza Utoshelevu wa Wake.

Bwana Makame alikuwa karani mkuu wa Idara ya Takwimu, mtu wa miaka hamsini na mmoja, mwenye rula tatu na kiburi kimoja. Kiburi chenyewe kilikuwa hiki: katika miaka ishirini na minne ya utumishi, hakuna tarakimu yake hata moja iliyowahi kufutwa. Aliweza kutambua hesabu ya uongo kutoka upande wa pili wa meza, kama mpishi atambuavyo nyama iliyolala. Uwezo huo, katika Jamhuri ya Mwafaka, ulikuwa kipaji cha hatari, naye alikitumia kwa uangalifu mkubwa, yaani hakukitumia.

Tume haikuzaliwa bure. Gazeti moja la nchi jirani lilikuwa limeandika kwamba wake wa Mwafaka hulala wakitazama dari. Waziri wa Ujenzi alijaribu kuliokoa taifa kwa kusema kwamba dari za Mwafaka ni nzuri, ndiyo maana zinatazamwa, lakini Kinara wa Taifa hakutulia. Alishika shavu, akanyamaza muda wa kutosha kupigwa picha, kisha akaamuru uchunguzi wa kisayansi ambao matokeo yake aliyataja papo hapo ili kuwapunguzia wachunguzi usumbufu.

Wajumbe waliteuliwa kumi na mmoja, wanaume watupu. Mwenyekiti wao alikuwa Brigedia mstaafu Songoro, aliyepigana vita viwili na kushindwa vyote kwa heshima. Mtaalamu wao alikuwa Daktari Mwasumbi, bingwa wa mifugo, kwa kuwa daktari wa wanawake aliyekuwapo nchini alikuwa mwanamke. Mwandishi mmoja wa habari, kijana ambaye hakudumu katika kazi hiyo, aliuliza kwa nini hakuna hata mjumbe mmoja wa kike.

"Katika misingi ya haki," alijibu Brigedia, "mwenye maslahi hujitenga na shauri. Wanawake wana maslahi ya moja kwa moja katika jambo hili. Sisi hatuna maslahi yoyote."

Ukumbi ulimpigia makofi. Neno la kweli kuliko hilo halikupata kusemwa ndani ya kuta zile, na aliyelisema hakujua kwamba amelisema.

*

Yapasa ielezwe hapa desturi moja ya nchi hiyo, kwani sayansi yote ya Tume ilisimama juu yake.

Katika Mwafaka, mume alipomaliza yake, mke alisema, "Ahsante, nimeridhika," na mume akalala. Wasichana walifundishwa maneno hayo katika Darasa la Maadili ya Ndoa, kwa sauti ileile waliyofundishwa kumwamkia mkaguzi wa shule, wakiwa wamesimama mistari minne. Mke mwema hakungoja aulizwe. Aliyasema kama mgeni mwenye adabu anavyosukuma sahani na kusema ameshiba.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani kulikuwa na deni la siku ya saba. Bwana harusi, siku ya saba ya fungate, alivua viatu, akaketi mkekani mbele ya mkewe, wawili peke yao, akamwuliza swali moja: "Nini hukupendeza?" Baada ya swali hilo mume hakuruhusiwa kufumbua kinywa mpaka mke amalize kusema. Wapo waliokaa mpaka adhuhuri, na yupo mmoja, wazee husimulia, aliyetolewa mkekani jioni akiwa ameshikwa na ganzi miguu yote miwili, lakini mkewe aliimba mwaka mzima. Katika mwaka wa kumi wa Mwafaka serikali iligundua kwamba deni hilo linapoteza saa za uzalishaji mali. Waraka Namba 14 ukalifuta, na mahali pake pakawekwa maneno mawili ya shukrani, ambayo Idara ya Takwimu ilithibitisha kuwa yanachukua nukta mbili tu. Aliyeipima ile nukta ya pili alikuwa Bwana Makame.

Basi Tume ilichapisha Fomu UW/9. Sehemu ya kwanza ilijazwa na mume. Iliuliza, "Je, mkeo huridhika?" na ilitoa nafasi tatu za kuweka alama: Ndiyo; Ndiyo kabisa; Ndiyo kupita kiasi. Sehemu ya pili ilikuwa ya mke, nayo ilikuwa na mstari wa saini chini ya maneno "Ahsante, nimeridhika." Nafasi ya La haikuwekwa kwa sababu ya uhaba wa karatasi.

Matokeo yalikuja kwa magunia. Wiki ya kwanza utoshelevu ulifika asilimia tisini na nane. Wiki ya tatu ulifika mia. Wiki ya tano ulifika mia na nne, na hapo Bwana Makame aliweka kalamu chini kwa mara ya kwanza. Alichambua, akaona kwamba wagane wamejaza kwa kumbukumbu, makapera wamejaza kwa matarajio, na Wilaya ya Kusini, kama kawaida yake, imevuka lengo. Alichukua daftari akaenda kwa Mwenyekiti.

"Afande, haiwezekani wake walioridhika wawe wengi kuliko wake waliopo."

Brigedia alimtazama kwa huruma.

"Katibu, asilimia mia ni ya nchi zisizojiamini."

Ilibaki fomu moja tu. Kanuni ilitaka fomu ya Katibu mwenyewe iingie mwisho, iwe lakiri ya zoezi zima, nayo isomwe mbele ya Kinara siku ya Ijumaa. Thawabu yake ilikuwa imekwisha kupangwa: Nishani ya Mwafaka Daraja la Pili, na kuthibitishwa katika nyumba ya serikali namba kumi na mbili, yenye veranda. Bila fomu ile hapakuwa na nishani, veranda, wala kazi.

*

Mkewe, Bi. Siwatu, alikuwa mkaguzi wa vipimo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka masokoni na mawe ya shaba katika kisanduku, kupima mizani za wafanyabiashara, na kupiga mhuri zile zisemazo kweli. Wauza sukari walimchukia kwa moyo mmoja, jambo ambalo katika utumishi wa umma ndilo cheti pekee kisichonunuliwa.

Jumapili alasiri alikuwa ameketi uani akisugua mawe yake kwa majivu na ndimu. Bwana Makame alimjia na karatasi, kalamu tayari imefunguliwa.

"Mama Riziki, kuna kakaratasi hapa ka kutia saini."

"Kaweke hapo, nikaushe mikono."

Akakausha mikono, akaichukua karatasi, kisha akafanya jambo ambalo Bwana Makame hakuwahi kuliona likifanywa na mtu yeyote katika zoezi zima: aliisoma.

"Hapa wanasema nimeridhika."

"Ndiyo maneno yenyewe."

"Na asiyeridhika anaandika wapi?"

"Hakuna mahali. Karatasi ni ndogo."

"Karatasi ni ndogo," alirudia Bi. Siwatu, taratibu, kama arudiavyo bei aliyotajiwa na mwuza sukari.

"Siwatu, ni saini tu! Kila mara husema mwenyewe, kwa kinywa chako. Nani aliyekushikia fimbo?"

"Baba Riziki, Idi iliyopita tulikwenda kwa shangazi yako Bi. Kidawa. Akatupakulia ule wali wake uliokuwa na mchele katikati. Ulisemaje?"

"Nilisema nimeshiba."

"Ulikuwa umeshiba?"

Bwana Makame alijikuna shingo. "Tulinunua mkate njiani," alikiri.

"Enhe. Wewe ulipata duka la mkate. Mimi nina dari."

Jogoo wa jirani aliwika saa isiyo yake. Bwana Makame, kama wafanyavyo wanaume wa cheo chake wanapopungukiwa na jibu, alidai maelezo.

"Miaka ishirini na miwili! Mbona hukusema?"

"Uliniuliza lini?"

"Mambo hayo huulizwa?"

"Wewe unayauliza taifa zima kwa fomu." Alichukua jiwe la nusu ratili akalisugua tena. "Ndoa yetu ni ya mwaka wa tisa. Waraka wao ulitoka mwaka wa kumi. Ulikuwa na deni langu moja, Makame, la siku ya saba. Nilitandika mkeka tangu alfajiri. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga, na aibu zangu nimezimeza. Ulikwenda wapi?"

"Niliitwa kazini. Kuhesabu viti vya sherehe."

"Ukasema, 'Nitakuuliza nikirudi.'"

"Nilirudi nimechoka."

"Viti vilikuwa vingapi?"

"Elfu mbili mia nne na sita," alijibu papo hapo, kabla hajaweza kujizuia.

Bi. Siwatu hakucheka. Alimrudishia karatasi ikiwa safi kama alivyoipokea.

"Mimi hupiga mhuri mzani niliopima. Huu haukupata kupimwa. Sipigi."

*

Habari ya mke aliyekataa, pamoja na fomu yenyewe isiyo na saini, ilifika kwenye Tume kabla ya chai ya saa nne ya Jumatatu, na Jumatano asubuhi wajumbe wote kumi na mmoja walifika nyumba namba kumi na mbili ili, kwa maneno ya barua yao, kumsaidia mke wa Katibu kukumbuka. Waliketi sebuleni wakabanana kama vitabu vya hesabu. Walikuja na chati kubwa ya mwili wa mwanamke, iliyochorwa na Idara ya Ramani, wakaitundika ukutani juu ya picha ya harusi.

"Katibu," alianza Brigedia, "mwulize mke wako kama ana malalamiko."

"Nipo hapa, Brigedia," alisema Bi. Siwatu. "Wala si kiziwi."

"Katibu, mwambie mke wako asiseme mpaka aulizwe."

"Nilidhani hilo ndilo tatizo lililowaleta."

Mjumbe mmoja alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi, akaomba maji. Daktari Mwasumbi alisimama ili kuirudisha sayansi mahali pake.

"Mama, tusitishane. Mimi nimehudumia ng'ombe elfu nne. Katika hao hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika."

"Na fomu yao ilikuwa na nafasi ya La?"

Daktari aliketi. Bi. Siwatu aliinuka, akaikaribia chati, akaitazama kwa makini ya mtu aliyezoea kutafuta kipande cha madini ya risasi kilichofichwa chini ya kikombe cha mzani. Ilikuwa chati nzuri. Moyo ulipakwa rangi nyekundu, ini rangi ya kahawia, na tumbo la uzazi lilichorwa kwa heshima zote pamoja na bendera ndogo ya taifa. Lakini chini ya bendera palikuwa na eneo jeupe, lisilo mstari wala jina, lililozungushiwa nukta kama mpaka wa mbuga.

"Hapa palipoachwa peupe pana nini?"

Wajumbe walimgeukia Brigedia. Brigedia alisafisha koo.

"Hapo hapajapimwa."

"Hapajapimwa, au hamjauliza njia?"

Kisha akanyoosha mkono, akaichomoa kalamu katika mfuko wa shati la mumewe, akatia alama ndogo ndani ya weupe ule, na pembeni yake akaandika neno moja kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka: kinembe.

Mjumbe mmoja alivua miwani ili asione. Mwingine alinong'ona, "Lahaula!" Brigedia alishika fimbo yake kama aliyeona adui akivuka mto.

"Mnashtuka nini?" alisema Bi. Siwatu. Hakupandisha sauti. "Mficha uchi hazai, nanyi nyote mna watoto. Kwa nje ni kidogo kama haragwe, ila mizizi yake imekwenda ndani kuliko hoja zenu. Viungo vingine vyote vina shughuli mbili tatu. Hiki hakizai, hakinyonyeshi, hakipitishi maji. Mwenyezi Mungu alikipa kazi moja, raha ya mwenye nacho, akatosheka. Nanyi mnakipita kama mtu anayeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi, akikimbilia uani, kisha akitoka anasema amekaribishwa vizuri. Wengi wetu hatufiki kwa mbio hizo. Wala si ugonjwa, wala si baridi ya damu, wala si jini. Hatujafikishwa. Safari yenyewe haitaki nguvu, Brigedia. Inataka nafasi, utulivu, na mtu wa kuuliza. Tena ya leo si lazima iwe ya jana. Ndiyo maana huulizwa."

"Mambo haya umeyasoma wapi?" aliuliza Daktari Mwasumbi, na ni haki kusema kwamba aliuliza kwa hamu ya kweli, kalamu mkononi.

"Ni mwili wangu, Daktari. Nimekaa nao miaka arobaini na mitano."

Tume ilijitenga jikoni kwa mashauriano. Baada ya dakika arobaini ilirudi na kura. Wajumbe tisa waliamua kwamba kitu kile hakipo. Mmoja hakupiga kura kwa kuwa alikuwa bado akitafuta miwani yake. Daktari aliomba muda wa kupata ushahidi zaidi kutoka kwa ng'ombe. Hivyo, kwa azimio halali la siku ya Jumatano, kinembe kilifutwa katika Jamhuri ya Mwafaka, na tangu siku hiyo kiliendelea kuwapo bila kibali. Chati ilikunjwa, ikapigwa mhuri wa siri ya taifa, ikapakiwa chini ya ulinzi.

Aliyeandika azimio lile katika kumbukumbu za kikao alikuwa Bwana Makame. Mkono wake uliandika "hakipo" huku mwenye nacho akikusanya vikombe hatua tatu kutoka alipoketi. Alipokuwa akipiga mstari chini ya neno hilo kwa rula, alisikia kichwani sauti ya mkewe ikisema, "Ahsante, nimeridhika," na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili aliisikiliza. Ilikuwa sauti ya watoto wanaomwamkia mkaguzi. Yeye, aliyeweza kunusa tarakimu ya uongo kutoka upande wa pili wa meza, alikuwa amelala kando ya tarakimu hiyo zaidi ya usiku elfu nane, akikoroma.

*

Alhamisi, Brigedia alimwita ofisini akamwonyesha fomu ya Bi. Siwatu. Ilikuwa imetiwa saini. Saini ilikuwa kubwa, ina mkia, tena kwa wino wa kijani, ambao kwa kanuni za nchi hutumiwa na maafisa wa cheo cha brigedia na kuendelea.

"Afande, hii si saini ya mke wangu."

"Mkono wa mke ni mkono wa mume, na mkono wa mume ni mkono wa Tume."

"Basi mkono wangu uko wapi?"

"Mfukoni. Uache hukohuko mpaka kesho, nishani ikukute."

Bwana Makame alitoka na fomu ile mkononi. Alikasirika kwanza kama karani: wino wa kijani, mkia juu ya herufi, mstari umevukwa. Kama mume alikasirika baadaye, njiani, alipofika karibu na soko akawaona wauza sukari wakisogea kumpisha kwa sababu tu ni mume wa Bi. Siwatu. Ilimpitia kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kumpisha njia kwa ajili yake mwenyewe.

Ijumaa, saa nne za asubuhi, Ukumbi wa Maafikiano ulifurika. Mbele waliketi wajumbe na mawaziri. Nyuma, kando ya mabirika, walisimama wanawake wa Kamati ya Chai, mia mbili na kumi na watano kwa hesabu ya Bwana Makame, wamevaa khanga za sherehe zenye picha ya Kinara na maneno NIMERIDHIKA SINA NENO. Mshonaji wa serikali alipima vibaya, na uso wa Kinara uliangukia mahali pale ambapo khanga hukaliwa. Kulia kwa Kinara aliketi mkewe, Mama wa Taifa, akijipepea kwa kipepeo cha ukindu, uso wake umetulia kama ukurasa usioandikwa.

"Ndugu wananchi," alinguruma Kinara, "yapo mataifa yanayojivunia dhahabu. Yapo yanayojivunia mafuta. Sisi tunajivunia wake! Leo nasimama mbele ya historia, na historia nayo imesimama, kuitangazia dunia kwamba mwanamke wa Mwafaka ameridhika, anaridhika, na kwa mpango wa miaka mitano ataridhika zaidi! Na kazi hii kubwa imefanywa na nani? Imefanywa na sisi!"

Makofi yalidumu dakika nne. Yalipokwisha, Kinara aligeuka kwa lile swali la itifaki ambalo jibu lake hufanyiwa mazoezi siku mbili kabla.

"Katibu, hesabu ni sahihi?"

Jibu lilikuwa, "Ni sahihi, Mheshimiwa." Bwana Makame alisimama, visigino vimekutana. Aliiona veranda. Aliiona nishani juu ya mto wa mahameli. Kisha akaiona fomu mkononi mwake, na ule mkia wa kijani.

"Pungufu mmoja, Mheshimiwa."

Nzi mmoja alipita, wote wakamsikia.

"Umesemaje?"

"Mmoja hajaridhika. Ni mke wangu. Hii saini si yake. Na kosa si lake, Mheshimiwa, sikumwuliza."

Brigedia alinyanyuka nusu. Kabla hajafika juu, mama mmoja mnene aliyekuwa ameshika birika kule nyuma alisema, kwa sauti ya mtu anayesahihisha oda ya chai:

"Andika wawili."

"Watatu," alisema aliyekuwa kando yake.

"Wanne. Na dada yangu aliyebaki nyumbani simtaji."

"Watano!"

"Weee Mwajabu, hata wewe?"

"Hata mimi nini? Andika sita, mwenzangu huyu anaona haya."

Hesabu ilipita meza hata meza, sahani za kaimati zikiwa bado mikononi, na Bwana Makame, ambaye hakuweza kusikia hesabu asiiandike, aligeuza ile fomu akaanza kupiga vijiti nyuma yake, vitano vitano, kwa usafi. Alipofika mia mbili na kumi na sita, kimya kilirudi. Mawaziri walipumua.

"Mia mbili na kumi na saba," alisema Mama wa Taifa, akaendelea kujipepea.

Kinara wa Taifa, kwa kukosa mahali pengine pa kutazama, alitazama dari.

*

Taarifa rasmi ilitoka saa kumi jioni. Ilieleza kwamba sauti zilizosikika ukumbini zilikuwa mwangwi wa jengo jipya, na kwamba mkandarasi amehojiwa. Kiwango cha utoshelevu kilipandishwa hadi asilimia mia na sita ili kufidia. Wajumbe wote walipata nishani, na Daktari Mwasumbi alipata na ng'ombe. Bwana Makame Tindwa aliachishwa kazi kwa kushindwa hesabu za msingi, akapewa siku tatu ahame nyumba namba kumi na mbili. Wanaume waliokuwa wakimwita "Katibu" walianza kumwita "yule", na walivuka barabara ili wasikutane naye, wengine kwa dharau, wengi kwa hofu kwamba wake zao wangemsalimia.

Jumamosi, saa tisa alasiri, jua likiwa limetoka pande zote mbili za barabara, Bi. Siwatu alikuwa akifunga mawe yake ya shaba, kila moja katika kitambaa chake, tayari kwa kuhama. Bwana Makame aliingia na mkeka. Aliutandika chini mahali palipokuwa na kabati. Alivua viatu, akavipanga mlangoni. Akaketi, magoti yakilalamika.

"Mama Riziki, nina deni lako."

"Unalikumbuka neno lenyewe?"

"Nalikumbuka."

Bi. Siwatu aliweka chini jiwe alilokuwa nalo, akaja akaketi mbele yake. Akanyoosha kidole kwenye mfuko wa shati la mumewe.

"Kalamu."

Bwana Makame alikuwa ameisahau. Aliitoa, akainuka, akaiweka mlangoni ndani ya kiatu cha kushoto, akarudi.

"Siwatu," alisema, "nini hukupendeza?"

Bi. Siwatu akaanza kusema. Mwanzoni alisema kwa kusitasita, akitazama mkeka. Kisha alimtazama yeye. Mara tatu Bwana Makame alifumbua kinywa ili ajitetee, na mara tatu alikifumba. Mara moja alicheka, kwa sababu mkewe alicheka. Miguu iliingia ganzi yote miwili, hakuinyoosha. Yaliyosemwa hayamo katika kumbukumbu yoyote, kwa kuwa mwandika kumbukumbu alikuwa ameambiwa anyamaze, naye alinyamaza.

Alipomaliza, kivuli cha mlango kilikuwa kimevuka chumba. Bi. Siwatu hakusema ahsante. Hakusema ameridhika. Alikaa kidogo, kama akaavyo mbele ya mzani akingoja sindano itulie.

"La kutenda tutaliona," alisema. "La kuuliza nimelipima. Limelipwa."